Mzee wa reli apewe vijana wa kufundisha

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee juu ya mzee mmoja jirani yetu hapa Eastlands. Jina lake silitaji, mwenyewe hapendi kutajwa.

Huyu mzee aliingia reli akiwa kijana, enzi za East African Railways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, akaanza karakana akipitisha spana kwa mafundi wakubwa, akaona shirika likivunjika 1977 kila nchi ikabaki na vipande vyake, akaendelea tu na kazi mpaka akastaafu. Sasa wenzake wengi walirudi mashambani, yeye akabaki, na ukienda Makumbusho ya Reli pale karibu na stesheni ya Nairobi utamkuta na wastaafu wenzake wawili watatu, ovaroli imefuliwa safi, anapangusa, anatia grisi, anaelezea watoto wa shule. Halipwi, nauli anatoa mfukoni mwake. Nimemuona akienda hata siku za mvua, siku miguu inamsumbua, na ukimwambia mzee si upumzike leo anakuambia chuma hakipumziki, kutu hainaga sikukuu.

Pale kuna ile injini namba 5918, Mount Gelai. Ni moja ya zile injini za mvuke za aina ya Garratt, klasi ya 59, zilitengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester miaka ya 1955 na 1956, zilikuwa 34 na zote zikapewa majina ya milima yetu ya Afrika Mashariki. Hakuna injini za mvuke zenye nguvu kuliko hizo zilizowahi kutembea kwa reli yenye upana wa mita moja, popote duniani! Boila iko katikati, halafu mbele na nyuma kuna seti mbili za magurudumu zinazojipinda kila moja kivyake, ndiyo maana dude la tani karibu 250 liliweza kukata kona za huku kwetu likipandisha mizigo kutoka Mombasa.

Lakini hayo hata kwa kibao cha maelezo utayapata. Anachojua mzee ni kingine. Anajua boila iliyopoa haiwashiwi moto kwa pupa, unaipasha pole pole masaa mengi, manake chuma kikipata joto upande mmoja haraka kuliko mwingine kinavutana na zile paipu za ndani zinaanza kuvuja. Anajua maji yenye chumvi yanaacha ukoko ndani na ukizembea kuosha boila inakula mafuta bure. Anagonga bolti kwa nyundo, anasikiliza, anakuambia hii imelegea hii iko sawa. Sasa hiyo ya kusikiliza utaisoma wapi?

Na kitu kingine ninachompendea, watoto wakifika wanakimbilia lile behewa ambalo Bwana Ryall wa polisi aliburutwa na simba pale Kima mwaka wa 1900. Mzee anawapa hiyo hadithi yote, wanapiga mayowe, alafu hawaachii hapo, anawaambia reli ilianza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, na vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India na 2,500 hivi wakafa, wengi kwa magonjwa na ajali, na walioliwa na simba ni wachache sana ukilinganisha. Mimi naona hapo ndipo historia inafundishwa vizuri.

Kule Wales kuna kareli kadogo kanaitwa Talyllyn, kalijengwa kubeba mawe ya kuezekea. Mwenyewe alipokufa 1950 kalikuwa kafungwe, watu wa kawaida wakakutana Birmingham mwaka huo huo, mwaka uliofuata wakaanza kuendesha treni kwa kujitolea, wa kwanza duniani kufanya hivyo, na mpaka leo inatembea. Waanzilishi wale walishaondoka lakini kazi iliendelea juu waliingiza vijana mapema wakajifunza na mikono yao.

Hicho ndicho ninachoomba hapa kwetu. Chuo cha reli kiko South B, si mbali na makumbusho, kwa nini wanafunzi wasipangiwe Jumamosi moja moja wakakaa na hawa wazee, wachafuke grisi, na simu zao warekodi kila kitu, si hotuba, warekodi mikono yake ikifanya kazi? Watoto waliozaliwa wakati SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, inaanza 2017 hawajawahi kuona mvuke ukitoka kwa injini. Na wazee watafutiwe nauli na chai, hiyo si pesa nyingi.

Pia naomba wasomaji walio na wazazi waliofanya kazi reli Voi, Makindu, Nakuru, Kisumu, hata ndugu zetu wa Tabora na Tanga, wakae nao chini wawaulize sasa. Jirani yangu nimemuuliza kama angekubali kufundisha, akaniambia waje hata kesho, mradi waje na nguo za kazi.

Msomaji wako,
Nairobi