Barua kwa somo yangu: maji ya bahari, tui na salfa

Lindi, mwishoni mwa Oktoba

Somo yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Barua yako imenifikia kwa mkono wa kijana wa basi. Sisi huku wazima, korosho zimeanza kudondoka na mtaa mzima unanukia mabibo.

Unauliza kwa nini mwalimu wenu wa jioni anasema maji ya bahari ni myeyusho na tui si myeyusho, wakati vyote viwili ukivitazama bakulini havina bonge wala makapi. Jicho halitoshi hapo, somo. Kinachopimwa ni ukubwa wa chembe. Chumvi ikiingia majini inasambaratika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za sodiamu na kloridi, ndogo kuliko nanomita 1 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Karatasi ya kuchujia haizizuii, na hata ndoo ikae mwaka mzima, hazitui chini.

Ukiitaka chumvi sharti uondoe maji, kama wanavyofanya huku kwenye majaruba, yale mabwawa ya kukaushia chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Jua linapoyakausha, yanazidi kukolea mpaka yanafika kikomo: gramu 100 za maji, kwa joto la kawaida, hubeba chumvi kama gramu 36, basi. Inayozidi inageuka fuwele. Na bahari haina chumvi ya mezani peke yake. Chokaa hutangulia kushuka, hufuata jasi, kisha chumvi yenyewe, maji yakiwa yamebaki kama sehemu moja ya kumi. Chumvi za magnesiamu hubaki kwenye maji ya mwisho, na wanaoijua kazi huyamwaga kabla hayajakauka. Ukinunua chumvi yenye uchungu, inayolowesha gunia kila hewa ikiwa na unyevu, ujue kuna mtu hakuyamwaga.

Tui ni habari nyingine. Mle ndani mafuta hayajayeyuka, ni matone yaliyotawanyika majini, na protini za nazi ndizo zinazoyazuia yasiungane. Ukiliacha lichemke bila kulikoroga, moto unaziharibu protini, matone yanakumbatiana na tui linakatika. Daftari lako litasema ni koloidi, ya aina ya emalsheni. Thomas Graham, Mskoti aliyelileta jina la koloidi mwaka 1861, alitumia utando kutenganisha: chumvi inapenya, gundi inabaki. Siku hizi wanataja chembe za kati ya nanomita 1 na 1000. Mimi hapo nina neno: matone mengi ya tui ni makubwa kuliko hayo, na ukililaza usiku kucha mafuta yanapanda juu. Kwenye mtihani andika koloidi uchukue alama zako, ila usiamini kwamba mpaka huo umechongwa kwenye jiwe.

Jaribu hili usiku. Tia tone la tui kwenye glasi ya maji, zima taa, mulika tochi ya simu kutoka ubavuni. Mwale utauona unavyokatiza. Kwenye maji safi ya chumvi hutauona.

Aina ya tatu ya mchanganyiko umeiona tangu utotoni. Salfa haiyeyuki majini. Ile ya unga hupulizwa kavu kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Ile ya kuchanganya na maji, chembe zake huelea kwa muda tu kisha zinatuama. Mpulizaji asipotikisa bomba lake, mkorosho mmoja unapata dawa nzito na mwingine unapata maji.

Myeyusho si lazima uwe wa majimaji, lakini. Hewa ni myeyusho, gesi asilia ya Mnazi Bay kule Mtwara pia, sehemu yake kubwa ikiwa metheni. Hata bangili ya shaba iliyochanganywa na zinki.

Mwisho, uliandika kwamba uraka, pombe ya mabibo, ukichemshwa pombe hutoka yote peke yake, maji yakabaki. Sivyo. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye 100, lakini mvuke hubeba vyote viwili, sehemu ya pombe ikiwa kubwa kuliko ilivyo kwenye uraka wenyewe. Ukirudia kuchemsha unazidi kuikoleza, mpaka unakwama karibu na asilimia 96. Mtambo wa kawaida hauvuki hapo. Mfano huo darasani uutaje kwa ethanoli na maji. Ukitaja nipa, yaani gongo, wenzako watataka kujua umeijulia wapi.

Wasalimie watoto na bibi yao.

Ni mimi somo yako