Aliyeitwa na Aliyerudishwa

Pittsburgh,
20 Mei 2024

Swahiba wangu wa Chumbageni,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, watoto wazima, na baridi hatimaye imetuachia. Mama akikuuliza habari zangu mwambie nala vizuri, maana najua ndilo swali lake la kwanza.

Uliponipigia Jumamosi ile ya tarehe 11 ukasikia makelele, ukadhani kuna watu wanapigana. Hawakuwa wanapigana, ndugu yangu. Ni kina sisi wa kazini, tulikuwa tunabishana juu ya timu, vilevile kama sisi wawili tulivyokuwa tukibishana tukitoka Mkwakwani, Wagosi wa Kaya wamefungwa na kila mtu anajua nani hakustahili kupangwa. Nilikuahidi nitakueleza kwa kituo. Kaa, weka chai.

Timu yetu ni Pirates, ya besiboli. Ubingwa wa mwisho waliuchukua 1979, na kati ya 1993 na 2012 walimaliza misimu 20 mfululizo wakiwa wamepoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Kwa hiyo mshabiki wa hapa amelelewa kwenye kungoja. Anachongoja ni kijana. Timu kubwa inaruhusiwa wachezaji 26, na chini yake kuna timu ndogo ngazi kwa ngazi: Bradenton, Greensboro, Altoona, mpaka ya juu kabisa iliyoko Indianapolis. Vijana wanapanda ngazi hizo kwa miaka, na mmoja akiitwa juu, kuna mwenzake lazima afungashe begi. Hapo ndipo ubishi wote ulipo.

Safari hii kijana mwenyewe ni Paul Skenes. Ni mrushaji, yaani yule anayesimama katikati akimtupia mpira mpigaji, na mpira wake unapita maili 100 kwa saa. Mwaka jana alichaguliwa wa kwanza kabisa kati ya vijana wote nchini. Msimu ukaanza Machi, tukadhani tutamwona. Wakampeleka Indianapolis. Wapigaji wa kule hawakumgusa, na bado wakamwacha huko mwezi mzima na zaidi.

Kazini tukagawanyika. Mzee wetu wa Homewood, mtaa wa hapahapa, ambaye ndiye aliyenifundisha mchezo huu nilipofika, akasema ni hesabu za mkataba tu. Hesabu yenyewe ni hii: mchezaji akitimiza siku 172 kwenye timu kubwa katika msimu, amehesabiwa mwaka mzima, na baada ya miaka sita ya namna hiyo yuko huru kwenda anakotaka. Ukimchelewesha wiki chache, umejiongezea mwaka mmoja wa kumtumia. Kijana mmoja Mpuertoriko, tunayefanya naye zamu, akasema hapana, wanautunza mkono wake, maana mwaka jana alirusha sana chuoni Louisiana mpaka wakachukua ubingwa. Mimi nilikuwa upande wa mzee. Mkono unaweza kuutunza hata hapa Pittsburgh: mruhusu mipira 80, mtoe, mshukuru. Na kuna kanuni mpya inayosema chipukizi akimaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za chipukizi bora, anapewa mwaka mzima hata kama alichelewa kuitwa. Kwa hiyo huenda wasipate hata hicho walichokuwa wanakifukuzia, na sisi tumeshapoteza Aprili.

Basi tarehe 11 wakamwita. Uwanja ulijaa, mvua ikanyesha, mechi ikasimama zaidi ya saa mbili. Skenes aliwatoa wapigaji saba wa Chicago kwa kuwakosesha mpira, akaondoka tukiongoza. Waliompokea wakaharibu, wakaanza kurusha nje ya shabaha na kuwapa wapinzani njia ya bure ya kwenda kituo cha kwanza mmoja baada ya mwingine, mpaka mikimbio, ambayo ndiyo mabao ya huku, ikaingia bila mpira kupigwa. Hayo ndiyo makelele uliyosikia! Tukashinda 10 kwa 9 na sauti sikuwa nayo siku mbili. Juzi Ijumaa akarusha tena, kwao Chicago. Wapigaji saba wa kwanza wote aliwakosesha, na kwa zamu sita alizorusha hakuna aliyefanikiwa kuupiga mpira akafika kituo. Tulishinda 9 kwa 3. Mzee hakusema neno, alikaa tu ameshika mashavu.

Lakini kuna jambo lililonikaa rohoni, na kwa kweli ndilo lililonifanya nikuandikie. Siku chache kabla ya Skenes kupanda, walimshusha Henry Davis. Huyu naye alichaguliwa wa kwanza nchini, mwaka 2021. Ni mdakaji, anachuchumaa nyuma ya mpigaji. Mwaka jana walimpeleka kucheza ubavuni kulia, mwaka huu wakamrudisha kudaka, na kupiga kukamshinda: wastani wake ulikuwa .162, maana yake ni kama kufaulu mara moja kwa kila majaribio sita. Wenzangu wote walitaka aondoke. Mpuertoriko alihesabu majina tisa kwenye vidole akionyesha kwamba hana nafasi. Nilimtetea peke yangu. Nikasema kudaka ndiyo kazi nzito kuliko zote uwanjani, anaongoza warushaji, anakariri tabia za kila mpigaji, halafu tunamdai apige kama asiye na kazi nyingine. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kumwacha hapa akizomewa kila usiku si kumpenda. Sikuwa na jibu, na mpaka leo nadhani mzee yuko sahihi. Hata hivyo iliniuma. Wiki moja, barabara ileile ya Indianapolis, mmoja anakuja na mwenzake anakwenda, na wote wawili waliwahi kuwa namba moja ya nchi nzima.

Nakumbuka mwaka 2017 nilipomwona Gift Ngoepe. Sidhani kama niliwahi kukuhadithia. Ni Mwafrika Kusini, alikulia Randburg. Mama yake alifanya kazi kwenye klabu ya besiboli na walikuwa wakiishi katika chumba kimoja humohumo klabuni, kwa hiyo uwanja ndio ulikuwa ua wa nyumba yao. Pirates walimsajili 2008. Akahangaika ngazi za chini zaidi ya miaka minane, mama akafariki katikati, bado hajaitwa. Tarehe 26 Aprili 2017 wakamwita kutoka Indianapolis, akaingia katikati ya mechi dhidi ya Chicago waliokuwa mabingwa. Mchezaji wa kwanza kabisa aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu ya huku. Mpira wake wa kwanza kupigwa ulitoka kwa Jon Lester, mrushaji mwenye jina kubwa, na Ngoepe akaupitisha katikati akafika kituo cha kwanza. Nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni na sare ya kazi, nimeshachelewa, nalia. Tulishinda 6 kwa 5. Alicheza mechi 28 tu kwetu, kisha wakamrudisha chini, na msimu ulipoisha akaenda Toronto. Mechi 28, kwa miaka yote ile. Watu wanaposema "mshushe huyo" ninamwona yeye.

Na si heshima tu. Mwaka huu mshahara wa chini kabisa wa timu kubwa ni dola 740,000. Kijana wa Indianapolis ambaye hajaingia kwenye orodha ya wachezaji 40 ambamo klabu inachagua wale 26 anaweza kulipwa kama dola 36,000. Simu moja ya kocha inabadilisha ukoo mzima.

Ubishi wa pili nitaupitia haraka: mkongwe wetu Andrew McCutchen, miaka 37, aendelee kuwa wa kwanza kwenye foleni ya kupiga au ashushwe nyuma kwenye foleni hiyo? Vijana wanasema mbio zimekwisha. Mimi nasema macho yake bado yanajua mpira wa kuuacha, na wa kwanza kazi yake ni kufika kituo. Abaki.

Mzee wa Homewood, ubishi ukimchosha, anasoma orodha ya tarehe 1 Septemba 1971. Alikuwa na miaka tisa, na baba yake ndiye aliyemweleza. Anaisoma kwa mpigo bila kumeza mate: Stennett, Clines, Clemente, Stargell, Sanguillén, Cash, Oliver, Hernández, Ellis. Wote tisa Weusi na Walatino, kikosi cha kwanza cha aina hiyo kuanza mechi katika ligi kuu. Kocha Danny Murtaugh aliwapanga, wakaifunga Philadelphia 10 kwa 7, na mwaka huohuo wakachukua ubingwa. Akimaliza tunanyamaza sote, mpaka kengele ya kurudi kazini.

Kuna Mganda pia, David Matoma, mrushaji, Pirates walimsajili mwaka jana. Yuko ngazi za chini kabisa. Mwanangu ameandika jina lake kwenye karatasi akalibandika mlangoni.

Alhamisi Skenes anarusha hapa nyumbani, mchana. Nimeomba ruhusa kazini. Nitavuka daraja la Clemente kwa miguu na huyu mtoto, na nitakupigia tukiwa ndani usikie. Lakini kila asubuhi, kabla ya yote, natafuta matokeo ya Indianapolis nione Davis amepiga ngapi.

Nipe habari za Mkwakwani, na nani hakustahili kupangwa.

Wako,
swahiba wako wa Pittsburgh