Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora: Tutangazieni siku ya moto

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Mwangaluka. Nakuandikia nikiwa kitandani, mgongo umeegemea ukuta, maana nikilala chali kifua kinabana. Ni saa kumi alfajiri. Nilipoamka nilidhani mama watoto kaunguza kitu, kisha nikakumbuka kwamba jiko letu ni la gesi na lilizimwa jana usiku. Harufu yenyewe ilikuwa ya nyasi. Imepita chini ya mlango, imepita na kule juu bati linapokutana na ukuta, ikatukuta usingizini.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Pumu nimeishi nayo miaka thelathini na ushee, presha ikaja kuniongezea mzigo nilipovuka hamsini. Si mtu wa kulalamika kwenye mitandao. Wanangu ndio walionifundisha hata namna ya kubandika maneno haya hapa. Ombi langu ni moja, na nalisema mapema usije ukachoka njiani: siku ambayo pori litachomwa, tutangaziwe kabla.

Juni 2023 moshi wa misitu ya Kanada ulisafiri hadi New York, mchana anga ikawa ya rangi ya chungwa. Watu kule walipewa tahadhari, wagonjwa wa kifua wakaambiwa wabaki ndani. Na kule, moto mwingi mkubwa huwashwa na radi, nayo radi haina ratiba. Wa kwetu una ratiba na una mwenyewe. Mkulima anasafisha shamba kabla ya mvua, mfugaji anataka majani machanga yachipue, mrina asali anaacha kienge kinafuka chini ya mti, mwindaji anamfukuza mnyama atoke kichakani. Radi ya mwezi wa nane hapa Tabora mimi sijaiona. Kila moto ninaounusa kuanzia Juni mpaka Oktoba kuna mtu aliyeamka asubuhi akijua kwamba leo atawasha kiberiti. Yeye anajua. Mimi ninayelala kilomita kadhaa upande unakoelekea upepo sijui chochote.

Usinielewe vibaya, sisemi moto upigwe marufuku. Nimezaliwa kwenye miombo na baba yangu alikuwa na mizinga. Wataalamu wa misitu wenyewe wanahimiza moto wa mapema, ule wa Mei na Juni ambapo nyasi bado zina umajimaji, kwa sababu unakwenda taratibu, unaungua kidogo kidogo, na unaondoa kuni za ule moto mkali wa Septemba unaopanda mpaka kwenye matawi. Ukikataza moto wote, watu watawasha usiku na kukimbia. Afadhali awashe mchana, majirani wakijua, na mtu akiwa amesimama na tawi bichi mkononi. Sheria ya Misitu ya 2002 tayari haimruhusu mtu kuwasha pori kiholela. Tatizo ni kwamba hata pale ruhusa inapotafutwa, habari yake inaishia mezani, haimfikii mgonjwa.

Sasa nikueleze maana ya siku moja ya moshi kwa mtu kama mimi. Chembe zinazodhuru hazionekani. Yale majivu meusi ya nyasi yanayodondokea mashuka kwenye kamba ni kero tu ya kufua; yanaishia puani. Zile ndogo, ambazo upana wake haufiki hata sehemu ya ishirini ya unywele, ndizo zinazoshuka mpaka mwisho wa pafu, na nyingine zinaingia kwenye damu. Ndiyo maana moshi haumsumbui mwenye pumu peke yake. Jirani yangu wa upande wa kushoto ana moyo mkubwa, siku za moshi miguu inamvimba na hawezi kupanda ngazi tatu za baraza yake. Wa upande wa kulia alipona kifua kikuu lakini mapafu yalibaki na makovu. Tukikaa nje jioni tunakohoa kwa zamu, watoto wanatucheka. (Nasi tunacheka, tufanyeje?)

Alfajiri ndiyo mbaya kuliko wakati wote. Usiku wa kiangazi hewa ya chini inapoa, ya juu inabaki na joto, basi moshi unafunikwa kama mvuke kwenye sufuria. Saa kumi hii ninayoandika, ukimulika tochi uani unaona mwanga unasimama kama mti. Kifua kinapiga filimbi. Nachukua chupa ya maji ya nusu lita niliyoitoboa kitako, nachomeka inhela yangu ya bluu, kile kikopo cha dawa ya kuvuta, kwenye tundu, naweka mdomo pale pa kunywea, nabonyeza, navuta pumzi polepole, nahesabu hadi kumi. Chupa hiyo alinifundisha muuguzi mmoja, Mungu amweke. Bila chupa nusu ya dawa inabaki kwenye ulimi.

Lakini inhela ya bluu inafungua njia ya hewa kwa saa chache tu. Uvimbe ulioko ndani haiugusi. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu haishauri mtu mzima kutegemea hiyo peke yake. Anatakiwa awe na dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe, na hiyo haifanyi kazi kama maji ya zimamoto. Inatumiwa kila siku, na inataka kuanza kabla moshi haujafika. Mwaka jana nilikwenda zahanati moja, sitaitaja, mwezi wa nane. Nikaambiwa hiyo ya kutuliza haipo, ya bluu imeisha wiki iliyopita, nikaandikiwa karatasi nikanunue mjini. Simlaumu yule binti wa dirishani, hakuna alichoficha. Ila msimu wa moto tunaujua kama tunavyoujua msimu wa maembe. Kwa nini oda ya dawa za kifua isitoke Aprili, zikafika Mei?

Kuna jambo jingine linanichekesha na kuniuma. Tulipoambiwa habari ya nishati safi ya kupikia, na ule mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa, mimi niliitikia haraka. Nilinunua mtungi kwa kiinua mgongo. Jikoni kweli kumekuwa kweupe, mama watoto hafikichi macho tena. Halafu ikifika Agosti nafunga madirisha ya nyumba yenye jiko la gesi ili moshi wa nje usiingie! Na nikifunga, joto. Nikifungua, kikohozi. Nimejaribu kutundika khanga iliyoloweshwa mlangoni. Inazuia majivu, zile chembe ndogo zinapita. Barakoa za karatasi tulizobaki nazo tangu korona nazo hazisaidii sana, hewa inapenya pembeni ya mashavu. Zile nene zinazobana uso ndizo zinazochuja, na katika maduka ya dawa ya hapa kwetu sijaziona.

Kwa hiyo narudi kwenye tangazo. Halina gharama ya kutisha. Chanjo ya watoto ikija, gari la matangazo linapita. Umeme ukikatwa kwa matengenezo tunaambiwa jana yake. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na mgambo wapo, vipaza sauti vya msikiti na kanisa vipo, makundi ya simu ya kila kijiji yapo. Mtu akipewa ruhusa ya kuchoma, mtendaji atume maneno mawili: kesho, upande wa mto. Basi. Mimi nitavuta dawa yangu mapema, nitahamia chumba cha katikati, au nitapanda basi niende kwa binti yangu siku mbili. Jirani wa moyo hatakwenda shambani alfajiri.

Na ule moto usiotangazwa, wa mtu aliyewasha na kukimbia, nao unaonekana. Mwanangu wa mwisho ana ramani kwenye simu yake, ya NASA, inaitwa FIRMS, bure kabisa. Setilaiti ikipita, baada ya saa chache mahali penye moto panatokea nukta. Septemba iliyopita alinionyesha mkoa wetu umejaa nukta kama mtoto mwenye surua. Kama kijana wa kidato cha nne anaweza kuifungua barazani, afisa misitu wa wilaya hashindwi.

Ninalo daftari. Kila siku yenye moshi naandika tarehe, upepo umetoka wapi, na nimevuta dawa mara ngapi. Leo nimeshaandika nne na jua bado. Ukimtuma mtu, daftari nitampa akalisome, ila alirudishe.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Tabora