Ameniita kinyonga, Shangazi

Shangazi, ni saa tisa usiku hapa Umoja na sijapata hata lepe la usingizi. Mchumba wangu ameniita kinyonga. Mbele ya dada yake, chakula bado kiko mezani.

Tulikuwa tumepitia soko la Burma kununua nyama, mimi nikabonga na wale wa bucha sheng yangu ya mtaani mpaka wakapunguza bei, sasa hiyo ni makosa? Nyama si tulipeleka kwao! Kufika kwao nikateremsha sauti, nikamsalimia mamake kwa mikono miwili, nikaingia jikoni kusonga ugali. Ofisini Upper Hill nikishika simu ya mteja utadhani nilizaliwa Karen kwa matajiri, na hiyo sauti ndio inalipa rent. Wewe unaijua Nairobi, Shangazi, ukiongea na askari wa geti vile unaongea na bosi utafika wapi?

Eti hajui anaoa yupi. Kinyonga, mimi.

Kuna siku kazini walitupa lile jaribio la Mark Snyder, mwanasaikolojia wa Marekani, alilitoa 1974, sentensi 25 unajibu kweli au si kweli, linapima vile mtu hujichunga mbele ya watu. Nilipata 20. Trena akanisifu, akasema wenye alama za juu husoma watu haraka na hupanda cheo, wale wa chini ni wale wale kila mahali. Huyo ni yeye kabisa. Alimwambia pasta mahubiri yamezidi urefu, hivyo hivyo usoni, mimi ndio nikabaki kulainisha mambo. Hakuna mtu alimwita jina la mnyama.

Lakini sentensi moja iliuliza kama naweza kuchangamkia mtu nisiyempenda, nikajibu kweli bila hata kufikiria. Hiyo ndio inanikosesha usingizi. Juu hata kwake mimi hucheka vichekesho havinichekeshi, na sikumbuki siku nimemwambia nimechoka. Sijui kama nampenda ama nimezoea kumpendeza, si ni kitu kimoja tu, Shangazi? Wanawake wangapi hawafanyi hivyo?

Mimi simtaki tena, aende atafute wa rangi moja. Kinyonga! Na mamake alikuwa ananisifia ugali.

Simu nimeiweka kwa chaji hapa karibu na mto. Akipiga asubuhi nishike na sauti gani?