Kwa Nini Sanrufu Haizibwi kwa Silikoni, na Kwa Nini Kipande Kidogo Kina Kazi Kubwa

Hivi karibuni mteja wetu mmoja aliondoka gereji akiamini kuwa tumemwibia. Tulimkabidhi gari likiwa na sanrufu, yaani dirisha la kioo la kwenye paa, inayofunguka na kufungika vizuri, tukamwonyesha kiatu cha plastiki, yaani kipande kinachoteleza kwenye reli ya kioo, kilichokuwa kimevunjika, kidogo kuliko kiberiti, naye akauliza inakuwaje kitu kama hicho kimtoe fedha zote zile. Malalamiko ya namna hiyo tunayapokea mara kwa mara, hasa kutoka kwa wenye Harrier na Forester za miaka ya 2000, na tumeona ni haki ya kila mteja kuelewa analipia nini.

Kioo cha sanrufu hubebwa na mikono miwili, kila mmoja ukiteleza kwenye reli yake juu ya viatu vya plastiki, na mota moja ndiyo inayosukuma kebo mbili zenye meno, moja kwa kila upande. Kiatu cha upande mmoja kikivunjika, kioo huenda mshazari na kukwama, huku mota ikiendelea kusukuma. Ili tukifikie kiatu hicho, katika magari mengi tunalazimika kufungua vizuia jua, vishikio, taa ya ndani, plastiki za nguzo na raba za milango, kisha kushusha siling yote. Na gari likiwa na mifuko ya hewa ya pembeni, betri huchomolewa kwanza, kwa sababu mifuko hiyo imelala palepale juu ya milango. Siling ya gari la zamani imekauka, na ikikunjwa kidogo tu hubaki na alama isiyotoka, kwa hiyo huitoa watu wawili, taratibu, kupitia mlango wa nyuma. Hapo ndipo siku nzima inapokwenda. Bei ya plastiki ni sehemu ndogo ya hesabu, na hatutaipunguza hesabu hiyo kwa kuruka hatua ambazo zinalinda gari lako.

Ndiyo maana pia hatushushi chochote kabla ya kupima. Mota ikiwa kimya kabisa, tunaanza na fyuzi, swichi na rilei, kisha tunapima umeme unaofika kwenye soketi ya mota yenyewe, ambako tunatarajia volti 12 au zaidi kidogo; mara nyingi tunakuta soketi imeota kutu ya kijani na umeme unaishia njiani. Mota ikilia lakini kioo hakisogei, tunatazama meno ya gia na kebo. Kioo kikifika mwisho kisha kikarudi chenyewe, huenda hakuna kilichovunjika. Mama mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, alikuwa ameshaambiwa kwingine anunue mota, kumbe gari lilikuwa limebadilishwa betri na sanrufu imepoteza kumbukumbu ya mahali inapoanzia na kuishia. Tuliifundisha upya kwa kushikilia kitufe kama kitabu cha gari lile kinavyoelekeza, tukamtoza ada ya kupima peke yake.

Sasa tuje kwenye silikoni, ambayo ndiyo inayotuumiza zaidi. Wateja wengi wanaamini kwamba raba inayozunguka kioo ndiyo inayozuia maji yote, na kwamba maji yakiingia ndani raba imechoka. Sanrufu haikuundwa hivyo. Raba hupunguza maji tu. Yanayopita huangukia kwenye karai la bati lililozunguka kioo, kisha hutoka kwa mirija, kwa kawaida minne, inayoshuka ndani ya nguzo na kumwaga chini ya gari. Gari linalolala chini ya mwarobaini au mwembe, kisha likala vumbi la Nyakato kiangazi kizima, hujaza tope kwenye mirija hiyo, na mvua za vuli zikianza maji hufurika kwenye siling.

Kijana mmoja alituletea gari lililozibwa kwa silikoni pande zote. Kwa muda lilikaa kavu. Silikoni ilipoanza kuachia kwenye kona moja, maji yakapita tena, mirija ikiwa bado imeziba, yakashuka kwenye nguzo hadi chini ya kapeti ya dereva. Tulipoinua kapeti, sponji lake lilikuwa linachuruzika, na soketi za waya chini ya kiti zilikuwa zimeliwa. Silikoni ya bei rahisi, ile inayonuka siki, hutoa asidi inapokauka, na bati chini yake lilikuwa limeanza kutu. Kukwangua gundi ile kulichukua muda mrefu kuliko kusafisha mirija, raba ikachanika, ikabidi itafutwe nyingine. Kazi ambayo ingemalizika asubuhi moja iligeuka kuwa ya umeme, kapeti na rangi.

Sisi mirija tunaisafisha kwa mshipi mnene wa nailoni wa kuvulia sangara, unaopatikana kwa urahisi Kirumba, ambao tumeuyeyusha ncha ili usitoboe. Wanaotumia upepo wa kompresa kwa nguvu huchomoa mrija kwenye karai bila kujua, na kuanzia hapo maji yote humwagika ndani ya siling. Tukimaliza tunamwaga kikombe cha maji kwenye kila kona, mteja akisimama pembeni, mpaka ayaone yakitoka chini.

Tunaomba pia msipake kwenye reli grisi ya beringi wala oili ya injini, kwa kuwa hushika vumbi na kusaga viatu vya plastiki, na mafuta ya namna hiyo huharibu raba. Na sanrufu ikigoma ikiwa wazi, acha kubonyeza kitufe, maana kila mbonyezo hula meno ya gia. Magari mengi yana tundu karibu na taa ya ndani ambamo ufunguo wa pembe sita huingia, ukazungusha mota kwa mkono hadi kioo kifunge. Pasipokuwa na tundu hilo, funika kwa turubai na ulilete gari kama lilivyo.