Tulipie mboga kabla ya kupandwa, lakini kwa kipimo

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie suala la wakazi wa Mombasa kununua mboga moja kwa moja kwa wakulima wa Rabai, Matuga na Kisauni. Jambo lenyewe ni jema, ila ukaribu wa shamba pekee hauifanyi mboga kuwa ya haki. Mchicha ulionyweshwa maji ya mtaro wa majitaka hapa mjini ndio wa karibu kuliko wote! Na mkulima jirani anayeachiwa hasara yote mvua ikikatika, wateja wakahamia kwingine, hajapata afueni yoyote kuliko anayemuuzia dalali.

Dawa ni nyumba kadhaa kumlipa mkulima kabla hajapanda, kisha zigawane mavuno. Wajapani wanafanya hivyo tangu miaka ya 1970 na wanauita mpango huo teikei. Marekani ulianza 1986, Massachusetts na New Hampshire. Sisi wa mwambao hatuna haja ya kuazima mbali. Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuwakataza kulipa mapema, aliwaamuru iwe kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Huo ndio msingi wa salam, yaani biashara ya kulipa bei yote sasa na kupokea bidhaa baadaye. Linganisha na dalali anayenunua maembe ya mti mzima ungali na maua: hakuna ajuaye kinachouzwa ni kiasi gani, na mwenye shida ya pesa ndiye anayekubali bei ya chini.

Basi kipimo kiandikwe. Tuseme nyumba ni 20. Tuta la mita 1 kwa 10 likitunzwa hutoa kama kilo 10 hadi 15 za mchicha wa kung'oa, wiki tatu au nne tangu kusia. Mkulima apange kuvuna kilo 60 za mboga mchanganyiko kwa wiki, lakini aahidi kilo 40 tu, yaani kilo 2 kwa kila nyumba. Zinazozidi zigawanywe sawa. Masika kapu litajaa, na Februari, jua la kaskazi likiwaka, litabaki na zile kilo 2. Anayeahidi kilo 60 zote huvunja ahadi kwenye shambulio la kwanza la vidukari kwenye kunde.

Wanazuoni wengi hawaruhusu salam ifungwe kwa shamba moja mahususi, kwa kuwa shamba hilo laweza lisizae. Kiutendaji, sharti hilo lina hekima kubwa. Chama cha nyumba hizo kiwe na wakulima wawili au watatu, na visima tofauti ikiwezekana, maana visima vya karibu na bahari huingia chumvi kiangazi na miche ya mboga hunyauka. Mmoja akikosa, mwenzake anajaza kapu. Wote wakikosa, kila nyumba ichague kungoja au kurudishiwa pesa yake.

Bei isifuate soko la Kongowea la siku hiyo. Ijengwe kutokana na gharama: mbegu, samadi, maji, usafiri, na ujira wa mkulima na kibarua wake. Hapa ndipo ninapoona vikundi vinateleza zaidi, kwa sababu ujira huachwa uwe chochote kitakachobaki. Kwa mfano, jumla ya wiki 12 ikifika sh. 60,000, kila nyumba itatoa sh. 3,000. Wenye uwezo walipe zote mwanzoni ndipo mbegu na samadi zipatikane. Wasioweza waandikiane mkataba wa wiki nne nne, sh. 1,000 kila mmoja, bila nyongeza hata shilingi. Mpango wa chakula cha haki unaomtoza mnyonge zaidi hauna maana.

Chama kisiagize kabichi wala viazi mbatata. Haviliwezi joto letu, na wauzaji wa Kongowea wanaovileta kutoka bara wanafanya kazi halali. Chetu ni mchicha, kunde, matembele, kisamvu, mnavu, mrenda, bamia na biringani. Mchicha usiwe kila wiki: anayepokea mchicha mtupu mara nne mfululizo atajitoa. Mkulima awe anasia tuta jipya kila wiki, badala ya kusia shamba lote siku moja. Bamia zichumwe kila baada ya siku mbili, la sivyo zinakomaa na kuwa nyuzi. Samadi mbichi inaunguza miche na kuleta magugu, kwa hiyo irundikwe hadi iive, isitoe tena joto wala harufu. Dawa ikipulizwa, tarehe iandikwe daftarini, na siku za kusubiri zilizo kwenye lebo ziheshimiwe hata kama kapu litapungua.

Mboga nyingi huharibikia njiani. Majani yavunwe kabla jua halijachomoza, yakung'utwe umande, yatandazwe kivulini kwenye mkeka, ndipo yafungwe mafungu. Yakirundikwa yangali na maji hupata joto yenyewe kwa yenyewe na kugeuka manjano kabla ya adhuhuri, hasa gari likikwama kwenye foleni ya feri Likoni. Pakacha la makuti linapitisha hewa na halina gharama. Biringani na bamia chini, majani juu, gunia lenye unyevu likiyafunika bila kuyabana.

Wanaotaka kuanza na mvua za vuli wakae kikao Agosti, wapime maji ya visima, waandike mkataba, na kitalu cha biringani na mnavu kiwe kimesiwa mapema Septemba.

Mdau wa kilimo,
Kisauni, Mombasa