Kwa mpwa wangu wa Melbourne, kuhusu huyo bwana wa sanamu

Mpwa wangu,

Marahaba. Picha uliyopiga na sanamu imefika, na mama yako ameshaisambaza kwa ukoo mzima. Ila ulivyoandika chini yake "mimi na mwanzilishi wa mpira wa huku", yaani ule mpira wa Australia wenye kanuni zake, si soka letu, nimeona nikujibu hadharani, maana hata binamu zako wanaokesha na ligi ya Uingereza hawamjui huyo uliyesimama naye.

Tom Wills alizaliwa 1835 New South Wales, akakulia kwenye shamba la mifugo la baba yake magharibi mwa jimbo la Victoria. Wenzake wa kucheza nao walikuwa watoto wa Djab Wurrung, wenyeji wa ardhi ile, na lugha yao aliijua. Alipofika miaka 14 akapelekwa Uingereza, shule ya Rugby. Kitabu hakikupanda, kriketi ikapanda. Akarudi Melbourne mwishoni mwa 1856, na Julai 10, 1858 gazeti moja la michezo likachapa barua yake: wanakriketi wasilale majira ya baridi, waunde klabu ya mpira na kamati ya kutunga kanuni.

Agosti 7 mwaka huohuo akawa mmoja wa waamuzi wawili wa mechi ya shule mbili, Scotch College na Melbourne Grammar. Wachezaji 40 kila upande! Walicheza Jumamosi tatu na mshindi hakupatikana. Sanamu yako inamwonyesha kwenye kazi hiyo.

Kanuni zenyewe ziliandikwa Mei 1859, kumi tu. Kusukumana ruksa, kumpiga mwenzio mateke miguuni marufuku, kurusha mpira kwa mkono marufuku. Wills alipenda kanuni za shule yake ya zamani, wenzake wakazikataa. Kwa hiyo hilo neno "mwanzilishi" lipunguze kidogo, mwanangu. Alikuwa mmoja wa kikao, ingawa uwanjani hapakuwa na wa kumfikia wakati ule, akichezea klabu ya Melbourne na baadaye Geelong.

Mimi linalonisumbua halimo kwenye mpira. Oktoba 1861 baba yake alikuwa amehamia Queensland, mahali panaitwa Cullin-la-ringo. Tom akiwa njiani kuchukua mahitaji, Wagayiri, wenyeji wa huko, walivamia kambi wakaua watu 19, baba yake akiwemo. Walowezi na polisi wakalipiza, na wenyeji waliouawa walikuwa wengi mno kuliko hao 19. Halafu, miaka mitano baadaye, ni Wills huyuhuyu anayekwenda magharibi mwa Victoria kufundisha timu ya kriketi ya wenyeji, na Desemba 26, 1866 anaiingiza uwanjani Melbourne mbele ya maelfu ya watazamaji. Wachezaji kadhaa wa timu ile ndio waliozuru Uingereza 1868, naye hakuwemo msafarani.

Wengi husimulia habari hiyo kama kisa cha msamaha. Mimi siharakishi. Mwaka 2021 yaliibuka makala ya gazeti la Chicago la 1895 yaliyodai kwamba Wills alishiriki kulipiza kisasi, na wanahistoria bado wanabishana juu yake. Pombe ilishamshika zamani. Mei 2, 1880, siku chache baada ya kukatiwa pombe, alijichoma moyoni kwa mkasi nyumbani kwake Heidelberg, akiwa na miaka 44.

Huko chuoni utawasikia wanaosema mpira huu umetoka kwenye marn grook, mchezo wa wenyeji wa Victoria wa kurukia mpira wa ngozi ya posamu, mnyama mdogo wa mitini. Hakuna karatasi ya Wills inayosema hivyo, na wapinzani wa hoja hiyo hulikumbusha hilo kila mara. Lakini mtoto aliyejua lugha ya wenzake asiujue mchezo wao? Hapo ndipo ningeanzia kuwabana wapinzani hao, na jibu watakalokupa uniandikie.

Mjomba wako